Mkoma Wenye Viti

Kwanza niseme ile picha ilikuwa nini, kwa sababu walioniharibia maisha walijifanya hawakujua.

Ilikuwa plaiwudi nzima, kubwa kama mlango wa duka. Nilichora mkoma mmoja, ile miti ya kando ya mto inayopanda juu halafu shina likagawanyika mara mbili, na kila tawi likagawanyika tena. Kwenye makuti nilining'iniza viti kwa minyororo. Kwenye viti niliweka watoto, nguo zao zimejaa upepo, na chini watu wamesimama wakitazama juu. Mbingu niliipaka rangi ile ya jioni, joto la Garissa likishalegea na watu wakitoka nje kupumua. Ilikuwa picha ya bembea ambayo haikuwahi kuwepo mahali popote duniani. Watu wa kazi hiyo huziita picha za mwanzo. Zinachorwa kabla ya kitu, ili mwenye fedha azitazame atamani.

Binti yangu alikufa chini ya chuma kilichojengwa kwa kuitazama ile picha. Na kwa muda mrefu mama yake, mke wangu, aliamini kuwa ni mkono wangu uliomuua. Hilo ndilo linaloniandikisha. Pole zenu nimezisikia, asanteni. Nataka ijulikane nani alifanya nini.

Majina sitayataja. Majina walipewa na mama zao, na mama zao hawakunikosea kitu. Nitawataja kwa kazi zao, na mtu wa Galbet, mtaa wetu hapa Garissa, akisoma atajua.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Shule niliachia darasa la sita. Baba yangu aliletwa huku kutoka bara kama dereva wa lori, akafia huku, nami nikabaki na mji ambao kila mtu huniuliza nitarudi kwetu lini. Kwetu ni wapi? Nimepaka rangi nusu ya kuta za hapa. Glasi ya chai kwenye hoteli, kichwa cha ngamia penye maziwa, maneno ya nyuma ya tuktuk, mbuzi wa bucha. Na ukitazama mbuzi wangu utaona hawana macho. Wateja wengi hapa hawataki picha ya kitu chenye roho kikamilike uso. Wanasema ukikipa uso, siku ya kiyama utaambiwa ukipe na pumzi. Mimi ni Mkristo, lakini mteja ni mteja, tena sikuona ubaya wa kuacha jambo moja kwa Mungu. Basi mbuzi wote wa Garissa niliowachora mimi ni vipofu, na nyama inauzwa vilevile.

Mkurugenzi alinikuta nikimalizia ukuta wa shule ya watoto wadogo. Alitoka Nairobi, shati limepigwa pasi mpaka linakata, viatu vimejaa vumbi letu. Akasimama nyuma yangu muda mrefu bila salamu. Halafu akasema, "Fundi, umewahi kupanda zile bembea kubwa za Nairobi?"

"Nairobi nimeenda kuzika tu."

Akacheka sana. "Vizuri basi. Hutaiga. Mimi nataka mtu asiyeiga."

Akaja bandani kwangu akanieleza. Kampuni yake ilitaka kujenga mahali pa kupanda na kutazama, vyombo vya kuzungusha watu na maonyesho ya jukwaani, nje kidogo ya mji. Kiwanja kilikuwa cha mzee wa ngamia, yule tajiri aliyetoka Bute zamani na mifugo yake akatajirikia sokoni hapa. Wenye fedha wengine walikuwa mbali na hawakuijua Garissa. Walidhani huku ni mchanga na bunduki. Kwa hiyo ilitakiwa picha za kuwafungua macho.

"Nichore kwa vipimo gani?" nikamuuliza.

"Vipimo achana navyo. Wewe nipe hamu. Chora ndoto. Mhandisi atakuja nyuma yako na rula yake, achukue ndoto aitafutie mifupa."

Binti yangu alikuwa amesimama pale na chupa ya chai. Alikuwa amemaliza sekondari, yuko nyumbani, mtoto wetu wa pekee, na ulimi hakuuchelewesha hata mbele ya wageni. Akauliza, "Na mhandisi naye huota?"

"Mhandisi haoti, binti. Ndiyo kazi yake."

Tulicheka wote watatu. Shahidi wa maneno hayo mmoja yuko kaburini na mwingine ni mwongo. Nimebaki mimi.

Sijawahi kufurahia kazi kama ile, na hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu furaha yenyewe nayo waliichafua. Nilianza na makaa kwenye maboksi yaliyokatwa, picha ndogondogo, moja juu ya nyingine. Nilichora kisima: viti vinashuka shimoni kama ndoo, vinapanda vimelowa, na juu sauti za wanaume wakiimba zile nyimbo za kunyweshea ngamia. Nilichora mashua inayopita katikati ya viboko wa bati, na viboko wanafunga midomo mtu akiwapigia makofi. Nilichora onyesho la jukwaani nikaliita Mvua ya Kwanza. Ardhi imepasuka, wanawake wanafungua nyumba zao za mikeka na kuzipakia ngamia, msafara unazunguka mbele ya watu kwa ngoma ya polepole, halafu bila kutarajia maji yanaanguka kutoka juu, yanawaangukia watazamaji wenyewe. Nilimweleza mkurugenzi kwamba hapo hakuna atakayekimbia. Huku kwetu mvua ikinyesha mtu hutoka nje.

Alizibandika zote ukutani kwa pini. Nyingine alizitoa, akazichana mbele yangu bila haya, na nyingine akaniambia nizirudie. Alinifundisha jambo moja ambalo nakiri lilikuwa la maana. Alisema, "Usichore mashine. Chora mtu anayeipanda. Mashine ijifiche." Basi nikaificha. Kwenye mkoma sikuweka bolti hata moja. Shina nililifanya jembamba ili mbingu ionekane, ili mtoto aliye juu aonekane hajashikwa na kitu.

Kwa ajili ya nguo za upepo nilifunga gunia kwenye boriti ya banda, binti yangu akakaa nikamsukuma.

"Baba, polepole, mimi si mzigo wa miraa."

"Kaa ugeuke huku. Acha mtandio uruke."

"Nichore basi mimi mwenyewe."

"Watu wangu hawana nyuso, unajua."

"Kitambaa changu nitakitambua. Niweke juu, wale wengine wanione nyayo."

Alikuwa anajifunga kitambaa chekundu, kama wasichana wenzake wa hapa wanavyojifunika, na mama yake hakuona tatizo. Nikamweka kiti cha juu kabisa, kitambaa chekundu, uso mtupu. Kwa mzaha tu nikaongeza mbuzi amekaa kwenye kiti cha pembeni kama mtu mzima, na korongo mweupe mkubwa kuliko watoto. Jua nililichora linazama na mwezi umeshatoka, vyote viwili, kwa sababu vyote ni vizuri.

Mzee wa ngamia alipokuja kuiona alizunguka ubao kama anayekagua dume la kununua. "Waryaa fundi," akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali, "hii bicha haina macho. Mashallah. Hii inaweza kaa hata nyumbani kwangu." Vijana wa kampuni huko Nairobi wao walipiga simu kuuliza kwa nini kazi haijakamilika, mchoraji amesahau sura. Mkurugenzi aliwajibu kwamba Garissa ndivyo inavyochora, akanikonyeza. Siku hiyo nilimpenda yule mtu. Siku hiyo.

Sasa mhandisi. Tulimngoja. Kiwanja kilizungushiwa uzio, geti likawekwa, mikoma ya kweli iliyokuwa mle ikafyekwa yote. Mhandisi hakuja. Mara gari limekwama, mara yuko nje ya nchi, mara wenye fedha hawajamkubali. Ramadhani ikaingia, na mzee wa ngamia akaanza kukasirika. Alikuwa ameshatangazia mji mzima kwamba Idi watoto watabembea kwake.

"Idi haingoji mhandisi," nilimsikia akimwambia mkurugenzi mbele ya watu. "Wewe iko na bicha. Fundi iko. Chuma iko. Nini ingine unataka?"

Hapo ndipo mkurugenzi alipoichukua picha yangu akaipeleka karakana.

Msiojua mji wetu nitawaeleza. Huku kila kitu cha chuma kimetokana na picha. Mtu anataka geti, anakata picha ya geti kwenye kalenda, anampelekea fundi wa kuchomelea: nifanyie kama hii. Kitanda, nifanyie kama hiki. Fundi anaitazama, anakuna kichwa, anakufanyia, na kwa kweli geti linafanana. Hakuna ubaya. Geti likipinda linakwaruza ardhi, basi. Yule fundi tuliyemwita bingwa wa mageti, rafiki yangu, tulikuwa tukinywa chai ya maziwa ya ngamia pamoja, alipokea ubao wangu kama alivyopokea kalenda za watu wote. Akaulaza chini. Akachukua futi yake ya utepe akapima mtoto wa kwenye picha, akapima shina, akasema mtoto wa kweli anafika hapa kiunoni, basi shina liwe hivi. Akatafuta mabomba ya zamani ya visima vya kuchimba, kwa sababu yalikuwa ya unene uleule, akayachomelea yawe na panda juu, mara mbili, kisha mara mbili tena. Kama mkoma wangu. Akatafuta injini ya kuuzungusha.

Niliuona ulipokuwa umeshasimama. Nilikwenda kiwanjani nikausikia unapiga mluzi kwa upepo. Moyo wangu ulishtuka kama ninayemwona mtu niliyemwota amekaa mezani. Nikamfuata fundi.

"Walal, ndugu yangu, hii ilikuwa picha ya kuota tu. Si ya kujenga."

"Walal," akanijibu, hajatoa hata ile miwani yake nyeusi, "kila geti nimejenga ilikuwa ndoto ya mtu."

Nikaenda kwa mkurugenzi. Nikamkumbusha rula, nikamkumbusha mifupa. Alikuwa anaandika kwenye simu. "Fundi wa chuma anajua chuma," akasema, "wewe unajua rangi. Tuheshimiane." Na akaongeza, kama zawadi, kwamba binti yangu amepata kazi. Alihitajika mwanamke wa kuwafunga mikanda wanawake na wasichana, kwa sababu hapa hawatakubali mwanamume awashike. Mke wangu alipopata habari alipiga magoti jikoni akashukuru. Mimi nilikuwa nimesema langu mara mbili, kwa watu wawili waliokuwa na uwezo wa kuuzima ule mtambo, na wote wawili walinifukuza kwa maneno matamu.

Ilikuwa siku ya pili ya Idi, alasiri. Watu walijaa mpaka barabarani, kina mama na mabuibui mapya, watoto na miwani ya plastiki. Mzunguko wa kwanza uliwekewa wageni, na mkurugenzi akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba mchoraji naye apande aonje ndoto yake. Watu wakapiga vigelegele. Ukikataa hapo utaitwaje?

Binti yangu ndiye aliyenifunga mnyororo.

"Umekaza?" nikamuuliza.

"Nimekaza mpaka kitambi kimeingia ndani. Ukitapika, tapikia upande wa mkurugenzi."

Akanipiga begani, akarudi kusimama chini ya shina, penye kigeti kidogo, mahali alipoambiwa asimame.

Tulizunguka. Nitasema ukweli: ilikuwa kama nilivyochora. Mto ulionekana, kijani chake chembamba kati ya vumbi, na mapaa ya Galbet yanameta, na nguo za watu zimejaa upepo. Halafu juu yangu panda ya kwanza ya shina ikalia. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama mtu anavunja kuni nyembamba. Tawi letu lote likalala upande, na shina, kwa sababu uzito ulikuwa umehama, likalifuata.

Nyonga yangu ilivunjika, na tangu hapo natembea na fimbo. Watu waliumia, wengine vibaya. Aliyekufa alikuwa mmoja, yule aliyesimama chini.

Sikumzika. Nilikuwa kitandani hospitalini nimefungwa uzito mguuni, nikasikia habari za mazishi ya mwanangu kutoka kwa majirani.

Wazee waliitisha kikao kama ilivyo desturi ya hapa, watu wakae wasikizane kabla ya mambo kuzidi kuharibika. Mke wangu alikwenda peke yake kwa niaba yetu. Mkurugenzi alisimama, akalia, ninaambiwa alilia vizuri, halafu akasema fundi hakuongeza wala kupunguza, vipimo vyote vilitoka kwa mchoraji. Kazi ya mchoraji, alisema, hata yeye inamshangaza, shina jembamba vile. Wakauliza picha iko wapi. Akasema iko Nairobi kwa uchunguzi. Fundi wa chuma alikuwa amekaa palepale, akatazama miguu yake. Mzee wa ngamia akasema yote ni amri ya Mungu. Ndiyo, Mungu. Hata Idi haikungoja mhandisi kwa amri ya Mungu.

Mke wangu alirudi hospitalini akasimama miguuni pa kitanda. Hakuwahi kuiona ile picha. Harufu ya tina, ile dawa ya kulainishia rangi, humkaba na kumuumiza kichwa, kwa hiyo bandani kwangu alikuwa haji.

"Wewe ulichora shina jembamba?"

"Ndiyo."

"Na chuma kilikuwa chembamba kama ulivyochora?"

"Ndiyo, lakini—"

Akachukua mkoba wake akatoka. Ile lakini nilibaki nayo mdomoni. Kila nilipojaribu kuitoa, nyumbani, kanisani, njiani, alikuwa ameshageuka.

Hakunikimbia. Afadhali angenikimbia. Alinipikia, akanifulia, akanisaidia kushuka kitandani, na hakuniambia neno. Akiwa na jambo aliambia ukuta. "Maji yameisha humu." "Jirani amefiwa." Mimi niliambia ukuta huohuo, "Nitaleta maji." Nikaacha kuchora. Siku moja nilimwona akigeuza mfuko wa unga kwa sababu ulikuwa na picha ya mtoto anacheka.

Nilipoweza kutembea nilianza kwenda hadi soko la mifugo, nikae na watu. Njia inapita nyuma ya karakana ya bingwa wa mageti. Kwa miaka nilipita upande wa pili. Halafu siku moja lori la ng'ombe liliziba njia, nikalazimika kupita karibu na ua wake, nikaona kondoo wake wamefungiwa kwa ubao, na kwenye kona ya ubao rangi ya jioni.

Haikuwa Nairobi. Haikuwahi kwenda Nairobi. Ilikuwa mlango wa kondoo.

Fundi alinikuta nimesimama pale. Amezeeka, ndevu zote nyeupe sasa, mageti hapewi tena. Hakutafuta maneno.

"Chukua, walal. Mimi naigeuza kila siku, inaangalia kondoo."

"Kwa nini ulinyamaza kikaoni?"

"Mkurugenzi aliniambia mhandisi ameangalia, amebitisha. Mimi nani nikatae? Halafu siku ile ya kikao nikajua hakuna mhandisi, na mtoto ameshakufa. Ningesema nini?"

"Ungesema hivyo."

"Haye," akasema. "Ningesema hivyo."

Nilihisi kuwa angetaka nimwambie nimemsamehe. Sikumwambia. Nilimwambia anisaidie kuupakia ubao kwenye tuktuk.

Niliuegemeza kwenye ukuta wa nje wa nyumba, nikaukung'uta mavi ya kondoo. Pembeni umeliwa, umevimba kwa maji, lakini katikati umesalia. Nikaketi. Sikuwa na mpango wowote. Nilichoka tu kuwa peke yangu nyumbani niliyeiona.

Mke wangu alirudi kutoka kuuza mboga, karai kichwani. Akaingia uani, akasimama. Nilidhani ataingia ndani. Akatua karai. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Huyo mbuzi anafanya nini kwenye kiti?"

Sikuamini ni mimi ninayeulizwa. "Anabembea," nikasema.

"Na hili lindege?"

"Korongo."

"Kubwa kuliko watu?"

"Lilinipendeza hivyo."

Akaweka kidole juu, pale viti vinapoanzia. "Hii minyororo imefungwa wapi?"

"Kwenye makuti."

"Kwenye makuti," akasema. "Kwenye majani." Akanigeukia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitalini nayaona macho yake yote mawili. "Alituambia ulimpa vipimo. Alisema kila kipimo kilitoka kwako. Mimi miaka hii yote nakuona umekaa na rula, unapima mtoto wako atakavyokufa."

"Rula sina. Sijawahi kuwa nayo."

"Watu wazima," akasema. Sauti ilianza kumpanda. "Watu wenye watoto. Wameona mbuzi amekaa kwenye kiti, wameona jua na mwezi pamoja, halafu wakaenda kununua vyuma!"

Alicheka, na kicheko kikageuka katikati, akakaa chini kwenye vumbi akalia kama siku ya kwanza. Nilimwekea mkono mgongoni. Aliuacha ukae.

Baadaye alikiona kitambaa. Hakuuliza ni nani. Alipitisha kidole gumba juu ya chekundu, polepole, halafu juu ya ule uso mtupu.

"Unaweza kumpa macho?"

"Naweza. Brashi ninazo bado."

Akakiondoa kidole. "Usimpe. Kila anayepita aone ni wa kwake."

"Anayepita wapi?"

"Tunaipeleka kwenye geti la kiwanja," akasema. "Waliosema vipimo vilitoka kwako, waone vilivyokuwa."

Tuliibeba pamoja siku iliyofuata, yeye upande mmoja na mimi na fimbo yangu upande mwingine, mpaka barabarani tukapata tuktuk iliyokubali. Kile kiwanja kimebaki kichaka, lakini geti lipo, na mbele yake hupita watu wote wanaokwenda sokoni. Mlinzi, kijana mpole, alituambia, "Mama, wallahi, mkubwa atakasirika."

"Mwambie aje," mke wangu akamjibu. "Mimi niko. Shika huo msumari."

Akaushika.

Mkubwa hakuja. Mkurugenzi, nasikia, yuko mji mwingine, ameajiri mchoraji mwingine, na picha zake zinasifiwa. Huyo mchoraji kama yupo na anasoma hapa, amtafute mhandisi kwa macho yake mwenyewe, amguse. Mzee wa ngamia hupita na gari lake, kioo kimepandishwa. Mara moja alisimama. Akashusha kioo, akaitazama picha, akanitazama, akapandisha kioo.

Jua linaila. Kila mchoraji wa hapa anajua nyekundu hufa kwanza. Bluu itakaa, kijani itakaa, nyekundu utaikuta imekuwa kama chai ya maziwa. Kwa hiyo kila inapoanza kufifia naenda kuirudishia. Kitambaa tu, mengine nayaacha yaende. Mke wangu huja nami, kwa sababu mimi siwezi kushika fimbo na mkebe na brashi kwa wakati mmoja. Hatuongei sana. Anasimama karibu na ubao, ameziba pua kwa ncha ya leso, harufu ya tina bado humkaba, na mkebe ameushika.